Dada Anakuja Likizo

Katika basi dogo la kutoka Castries kwenda Gros Islet, huku kisiwani kwetu, mwanamke kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza mama wa makamo, ambaye hata hamjui, kwamba dada yake Verlin anakuja likizo kutoka London. "Ameshachukua chumba, wiki mbili, dirisha linatazama ufukwe."

"Si jambo la heri hilo, mwanangu?"

"Ni hoteli ninayofanyia kazi, mama. Miaka tisa namwambia niko mapokezi. Mimi nasafisha vyumba."

Mama yule akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Kazi ni kazi. Mwambie leo."

"Nimeshaomba ruhusa kazini kwa wiki hizo mbili, asinikute. Nimesema mama yangu anaumwa sana."

"Na ni mzima?"

"Alifariki Januari." Sauti ilififia. "Verlin anakuja kuliona kaburi."

 Mimi niliyekuwa nimetega sikio nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Basi likasimama langoni mwa hoteli. Yule kijana aliposhuka tu, simu yake ikaita.

"Ndiye?" mama yule akamuuliza dirishani. "Pokea basi!"

Yule kijana alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, hapokei wala hakati.