Kereng'ende Aliyebeba Jina la Mama

Mwenzetu tunayemwita Mama Mabawa anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha wadudu cha makumbusho yetu. Alianza kwa kubandika lebo na kuweka dawa kwenye droo ili wadudu hai wasile wadudu wakavu. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo.

Kusafiri naye kulikuwa shughuli. Madereva wetu walizoea kukanyaga mafuta kila walipoona dimbwi, maana akiliona yeye kwanza, atashuka kusaka kereng'ende na safari imeishia hapo. Kuna siku aliingia kwenye kikao cha bodi akiwa amelowa hadi magotini, akaomba radhi, akasoma ripoti yake kana kwamba hakuna kitu.

Angali mgeni kazini, alimkamata kereng'ende mwenye mabawa meusi kwenye vijito vya milimani. Yule wa bondeni, aliyejulikana na kupewa jina tangu zamani, ana mabawa angavu. Alilinganisha, akachora, akaandika, na wataalamu wakakubali kwamba ni spishi mpya, haipatikani popote ila kule juu. Alipotakiwa kuchagua jina, alichagua la mama yake mzazi, aliyefariki mwaka uleule. Kaka yake mkubwa alitundika picha ya mdudu huyo sebuleni, na mgeni hakuonja chai kabla ya kusimuliwa habari zake.

Miaka michache iliyopita Mama Mabawa alirudi milimani kuchora ramani ya makazi ya kereng'ende hao, akiufuata mto toka chemchemi hadi tambarare. Kila alivyoshuka, weusi ulipungua. Katikati aliwakuta wenye mabawa nusu kwa nusu, wakipandana bila kubaguana. Vipimo vya vinasaba vikamaliza ubishi: ni spishi moja, toka milimani hadi bondeni. Kwa kanuni ya fani yetu, jina lililotangulia ndilo hubaki. La mama yake lilikuja nyuma.

Angeweza kunyamaza. Baadhi yetu tulimshauri amwachie atakayemrithi. Badala yake aliandika mwenyewe makala ya kulifuta jina lile, kisha akaenda kumweleza kaka yake kabla hajasikia kwa watu. "Umemzika mama mara ya pili," kaka alimwambia, na tangu hapo hawajasemezana. Alirudi kazini akabadilisha lebo moja moja kwa mkono wake, wala hakutaka msaada. Ilituuma kumtazama.

Mama Mabawa, kuna jambo hatukukuambia. Jana kaka yako alipiga simu ofisini. Hakukuulizia wewe. Aliuliza sherehe hii ya kukuaga inaanza saa ngapi, na kama atapata nafasi. Tumemwekea kiti mbele, jirani na chako.

Tunakushukuru kwa kazi yako yote, na tunakuombea afya na miaka mingi yenye utulivu. Leo usianze kutuaga sisi. Msalimie yeye kwanza.