Hatua Zilizosimama Mlangoni

Mtu anapanda ngazi. Hana haraka. Viatu vyake ni vizito, na kila ghorofa anayoipita mnajiambia labda anakwenda kwa jirani. Anafika mlangoni kwenu. Anasimama. Habishi hodi.

Ndugu waombolezaji, msishtuke. Marehemu ndiye aliyeagiza wasifu wake usianze na tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa mngetoa simu mifukoni kabla hatujamfikisha darasa la kwanza. Kazi yake maisha yote ilikuwa kutengeneza mianzo ya filamu za taharuki, ili aliyeingia ukumbini asibanduke kitini. Tumemtii. Sasa tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya duka la mafuta ya taa. Mama yao alifua mashuka hospitalini na mara nyingi alichelewa kurudi. Marehemu alikaa nyuma ya mlango, mdogo wake mapajani, akisikiliza ngazi. Hatua zikipita, alishusha pumzi. Zikisimama, alimbana mdogo wake mpaka akalia. Wasiwasi huo hakuuacha na wala hakuuficha. Alisema wenzake wamerithi mashamba, yeye karithi ngazi.

Alisoma shule ya msingi palepale mtaani kuanzia 1968, na sekondari ya wasichana akaimaliza 1978. Mwalimu wa lugha alilalamika kila muhula kwamba insha zake hazina utangulizi, zinamwingiza msomaji ndani kama mgeni aliyesukumwa. Lakini siku moja mwalimu huyohuyo alisahihisha insha yake wakati wa chakula, na walimu wenzake wakamkuta kashikilia kijiko hewani, wali unapoa. Marehemu alikikumbuka kile kijiko kuliko alama alizopewa. Baadaye alisomea uhariri wa picha na sauti chuoni kwa miaka miwili.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kampuni ya filamu, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilizibwa kwa maboksi. Kwa jinsi alivyokata picha bila huruma, wenzake walimwita Mama Mkasi. Njia yake ya kupima kazi tunaijua sote wa nyumbani, maana ilitutesa. Alitukalisha sebuleni, akatumiminia chai ya moto, akatuwekea mwanzo wa filamu kwenye runinga, kisha akaipa runinga mgongo na kututazama sisi mikono. Aliyeinua kikombe alikuwa keshamwambia kila kitu, naye alirudi kukata. Ni pale tu chai ilipopoa bila kuguswa ndipo alipopata usingizi. Tumekunywa chai baridi nyumba ile miaka nenda miaka rudi, na tusidanganyane, haikuwa tamu.

Ndoa yake ilitokana na viatu. Mwaka 1986 alikuwa anatafuta, kwa ajili ya kurekodi sauti ya filamu, kiatu ambacho kikipanda ngazi kitamkosesha mtu raha. Fundi viatu wa mtaa wa pili alimpandia na kumshukia ngazi kutwa nzima, jozi baada ya jozi, hadi akamuuliza kama anatafuta kiatu au mume. Marehemu alimjibu apande kwanza tena. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti mmoja. Tangu hapo, karibu kila katili aliyepanda ngazi katika filamu za marehemu alipanda kwa miguu ya Shemeji yetu huyu, mtu asiyeweza kuua hata mende.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Alikuwa na filamu moja mkononi na alijua ni ya mwisho. Mtayarishaji alitaka ianze na gari linalotumbukia mtoni huku risasi zikirindima. Marehemu alitaka meza, vikombe viwili, mwanamke anayemimina chai, na hatua zinazopanda. Mtayarishaji alisema watu wa leo hawana subira hiyo. Wakakubaliana onyesho la kwanza liamue: watazamaji wakichoka, gari linaingia. Marehemu hakuwa na filamu nyingine ya kujitetea nayo. Alipolazwa hospitalini, kila muuguzi aliyeingia aliulizwa kama yeye angesubiri.

Siku ya onyesho, tarehe 6 Juni 2023, alikuwa bado wodini. Alimtuma Shemeji akakae safu ya mbele, aipe skrini mgongo, atazame mikono ya watu, basi. Jioni marehemu alisikia viatu anavyovijua vikipanda ngazi za wodi. Vikafika mlangoni. Vikasimama. Binti yao, aliyekuwa kando ya kitanda, anasema mama yake alimkamata mkono kama mtu anayezama.

Kumbe Shemeji alikuwa huko nje anatafuta uongo wa kumwambia. Hakuupata, akaingia na kofia mkononi.

“Nisamehe, mwenzangu. Watu sikuwaona.”

“Ulikuwa wapi?”

“Palepale ulipoagiza. Nikasikia zile hatua zimesimama, nikageuka nione ni nani yuko mlangoni.”

“Wewe? Na miguu ni yako?”

“Miguu ni yangu. Nikageuka.”

Alicheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja mbio. Akasema imeshika, hakuna haja ya kuuliza mwingine, na gari la watu likae hukohuko mtoni. Mtayarishaji alipopiga simu kesho yake kusema ukumbi ulikuwa kimya kabisa, marehemu hakuamka kuipokea. Alikuwa amelala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, usingizini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa fundi viatu.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake anayesoma haya.

Baada ya mazishi tunawakaribisha nyumbani kwa chai. Tunawaomba jambo moja: inyweni ingali moto. Hakuna tena wa kututazama mikono. Alale kwa amani Mama Mkasi wetu. Yule ambaye marehemu alimsubiri kwa hofu nyuma ya mlango tangu utotoni amefika, na ni mtu wake.