Nyekundu Hadi Darini

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mke wangu, Dibor, aliinua glasi ya bisapu, juisi nyekundu ya rozela, kwenye mwanga wa dirisha la chumbani akasema, "Rangi hii. Kuta, mlango, hata dari." Kisha akasema kichwa kinamuuma, ajilaze kidogo. Hakuamka. Arobaini yake ilipokaribia, nilipaka chumba chote rangi hiyo. Kesho yake nilipofika kwenye benchi la kahawa, kando ya reli hapa Thiès, Senegal, habari ilikuwa imenitangulia. Diop alikuwa amechungulia dirishani. Sisi akina Ndiaye na wao akina Diop ni watani, kwa hiyo kunihurumia hakumpasi.

— Wallahi nimeona kwa macho yangu! Nyekundu tupu! Ukuta, dari, mpaka panka!

— Panka? aliuliza Sindano, fundi cherehani.

— Panka, swichi, kabati! We Ndiaye, mla maharage we, umechinja ng'ombe mle ndani?

— Ni rangi ya bisapu, nilisema.

— Bisapu inanywewa, bwana! Watu hawalali ndani ya bisapu!

Sindano alitikisa kichwa kwa huzuni.

— Wahenga walisema, chovyachovya humaliza buyu la asali.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Si alikuwa anachovya brashi? Halafu sikilizeni. Jini hukaa kwenye pembe. Huyu kazifuta pembe zote. Ukitazama hujui ukuta unaishia wapi. Jini akiingia mle atazunguka mpaka atapike.

— Afadhali jini! Mkwewe anakuja kwa arobaini ya bintiye, akute chumba cha marehemu kama bucha? Nimenunua rangi nyeupe. Jioni hii tunapaka wote. Mtani akisema, hubishi.

Betri, muuza kahawa, aliacha kumimina.

— Nyote hamjui. Kamfichia Israili mlango. Akirudi kumchukua na yeye, asione pa kuingilia.

Diop alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Astaghfirullah, Betri!

— Amelala humo?

Sauti ilitoka nyuma yetu. Tuligeuka. Mama Siga, mama yake Dibor, alikuwa amesimama na mkoba wake, kawahi kufika, na hatukujua amesikia tangu wapi.

— Nauliza, baba zangu. Mwenyewe ameshalala humo?

Diop alimtazama Sindano, Sindano akamtazama Betri. Tangu mazishi nalala sebuleni, kwenye mkeka, na nilipomaliza kupaka nilifunga mlango kwa ufunguo.

— Mama, tunapaka nyeupe leo hii hii, alisema Diop, kwa sauti ndogo.

— Hapakwi kitu mpaka alale.

Asubuhi iliyofuata niliamka upande wangu wa kitanda, jua likiwa limeshaingia, kuta zote zikiwaka. Nilitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaenda uani, nikachuchumaa mbele ya mama mkwe, nikamwambia kwamba Dibor alipatia rangi.