Uso wa Hakizimana: Wasifu wa Marehemu Methusela Ndayisaba, Mpiga Picha wa Ngara

Marehemu Methusela Ndayisaba alizaliwa tarehe 9 Februari 1949 katika kijiji cha Mabawe, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ndayisaba na mama Anjelika, ambao wote wametangulia. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Deodata, niliyemfuata ziwa. Naomba radhi mapema. Jana kwenye kikao cha familia kuna waliosema marehemu hasemwi, na kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Niliwajibu kwamba mwenye aibu mwenyewe ndiye aliyeagiza isomwe, nami sina nguvu za kubishana na kaka yangu. Alipokuwa hai alinishinda kila mara.

Alianza masomo hapa Mabawe, akamaliza darasa la nane Biharamulo mjini mwaka 1966. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, na mimi niliyekuja kuwa mwalimu nimeziona ripoti zake. Jumamosi alikuwa akishinda kwenye studio ya mzee Hasani, mtu wa asili ya Tanga aliyekuja Biharamulo kuuza vitambaa, akaishia kupiga picha. Mzee Hasani alimfukuza mara kadhaa, kisha akampa ufagio. Baada ya ufagio akampa kamera. Ndiye aliyemfundisha kwamba mpiga picha huomba kwanza ndipo akabonyeza, kwa sababu uso ni wa mwenyewe. Nalitaja hilo makusudi. Asije mtu akasema marehemu hakufundishwa.

Mwaka 1976 alifungua studio yake Ngara mjini, karibu na stendi. Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na wifi yangu Francisca. Siku hiyo hakumwamini mtu yeyote na kamera yake. Aliitegesha juu ya miguu mitatu, akawapanga watu mstari, akabonyeza, kisha akakimbilia kando ya bibi harusi. Hakuwahi. Picha ya ndoa yao ipo mpaka leo ukutani: Francisca amesimama peke yake na maua, na pembeni unaonekana mgongo wa mwanamume anayekimbia. Wifi alikuwa akiwaambia wageni, "Huyo ndiye mume wangu, mkimkamata mniletee." Walijaliwa watoto watatu.

Wakimbizi walipoanza kuingia kwa maelfu kutoka Burundi mwishoni mwa mwaka 1993, na wengine kutoka Rwanda mwaka uliofuata, kazi ya marehemu ilipanuka. Alipiga picha za vitambulisho, za ubatizo, za ndoa zilizofungwa chini ya maturubai. Ndipo alipokutana na Hakizimana, kijana wa Kirundi wa kambi ya Lukole aliyekuwa akicheza na moto siku za sikukuu. Alizungusha minyororo yenye vitambaa vilivyolowa mafuta ya taa, na mara nyingine aliyatia mafuta mdomoni akayapulizia mwenge, mpaka akina mama wakashika vichwa.

Mara ya kwanza marehemu alimpiga kwa flashi. Filamu ikaenda kusafishwa Mwanza, ikarudi, na kwenye kila picha Hakizimana ameshika minyororo myeusi, moto hakuna. Hakizimana alizitazama zote kwa utulivu, kisha akauliza, "Mzee, moto wangu umeupeleka wapi?"

Basi kaka akajifunza upya. Sisi nyumbani tulichoka kusikia habari za moto. Alisema flashi inaumeza, kwa hiyo iondolewe. Alisema usingoje giza nene, piga jua likishatua lakini mbingu ikiwa bado na rangi. Simama upande upepo unakotoka, la sivyo utarudi bila nyusi. Weka magunia yaliyolowa maji karibu, kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya picha. Mchezaji atulize miguu na kuzungusha mikono tu, nawe uiache kamera wazi huku ukihesabu polepole, ndipo mwali utakapochora duara zima kwenye filamu. Akipuliza, fanya kinyume: fungua na kufunga upesi, maana mwali ule haukai. Na kubwa kuliko yote, ukipimia mwanga kwenye moto wenyewe, moto utatoka na rangi zake zote, ila uso utabaki mweusi.

Hilo la mwisho ndilo Hakizimana alilolipenda. Alimwambia marehemu wazi, mkewe Domisiana akisikia: "Nipige utakavyo, mzee, lakini uso uache gizani. Kambini wananijua na mimi nawajua. Mjini wanapita wengi." Kwao alikuwa akitafutwa, na kosa lake ni kwamba alikataa kushika bunduki. Marehemu akakubali. Alikubali mbele ya watu wawili.

Ila alikuwa na kiburi cha fundi. Alisema picha isiyo na uso ni ya moto tu, na moto kila jiko linao. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1997, alikwenda Lukole na kitambaa cheupe cha meza cha wifi Francisca, akakitundika kwenye mti mmoja kando ya Hakizimana. Hakizimana akauliza, "Hicho ni cha nini?" Marehemu akajibu, "Kinakinga upepo." Hakikuwa cha upepo. Kilikuwa cha kuurudishia uso mwanga wa moto. Na ulirudi. Picha ilipotoka Mwanza, kila kitu kilionekana: duara la moto, jasho kwenye paji la uso, na macho ya mtu anayeifurahia kazi yake. Sikuwahi kuona picha nzuri kama ile. Aliikuza, akaitundika mlangoni pa studio, watu wakawa wanatoka mpaka Kabanga kuja kuitazama. Familia yote tulijivunia. Hapo nasi tumo.

Alhamisi tarehe 22 Mei, Domisiana alitembea kutoka kambini mpaka studio. Alimwamkia, akamwambia, "Mzee, naomba uitoe ile. Mume wangu halali." Marehemu akamjibu kwamba Jumamosi ni mnada, watu wengi wangekuja kuitazama, akaahidi kuitoa Jumapili. Yule mama akaomba tena. Akajibiwa vilevile.

Jumamosi ya mnada walifika wanaume watatu, wakaisifu picha, wakauliza fundi huyu anakaa wapi, wana sherehe wanataka awachezee. Kaka yangu akafurahi. Akawaelekeza mtaa, akawaelekeza na turubai. Jumapili asubuhi Hakizimana hakuwepo. Wapo majirani waliosema aliwaona mapema akaruka uzio wa miti akakimbilia porini, na wapo waliosema alitoka nao, wamemweka katikati. Alitafutwa, hakupatikana. Domisiana alibaki na mtoto mgongoni, na mpaka leo hajui ashike lipi.

Marehemu aliiteremsha picha jioni ile, akaichoma nyuma ya studio pamoja na filamu yake. Hakupiga tena moto. Miaka kumi iliyofuata alipiga picha za pasipoti tu, mtu mbele ya ukuta. Alikwenda Lukole mara nyingi kuomba msamaha, na kila mara Domisiana alimpa kigoda akae, naye akaingia ndani asitoke. Kaka alikaa mpaka jua likawa kali, akarudi nyumbani. Tulimwambia aache, anajiaibisha. Alisema ndicho anachokifuata.

Mwaka 2005 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Mwaka huu figo zilishindwa, akalazwa hospitalini Ngara tangu tarehe 2 Mei. Tarehe 6 Juni, bila kuitwa na mtu, Domisiana aliingia wodini. Sasa wakimbizi wanahimizwa kurudi kwao, mitaa mingi ya Lukole imebaki vichaka, majirani zake wameshapanda malori. Yeye amekataa. Anasema mumewe akirudi atamtafuta kwenye mtaa uleule alimomwacha. Nilifikiri amekuja kusamehe au kulaani, nikasimama ili nimzuie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Mzee, shikamoo. Nimekuja kuomba ile picha. Watu wanarudi Burundi, wanatawanyika kila mkoa. Ningewaonyesha uso wake waniulizie njiani. Mimi sina picha yake hata moja."

Kaka yangu alivuta shuka akajifunika kichwa. Mimi ndiye niliyemwambia yule mama kwamba picha ilichomwa, na filamu yake ilichomwa. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mbili, nimesema mengi magumu mbele za watu, lakini lile nililisema nikitazama sakafu. Domisiana akavuta kiti, akasema, "Funua, mzee. Wewe ulimtazama kwa kioo chako kuliko watu wote. Mimi miaka imekuwa mingi, kuna mengine yananitoka. Niambie alivyokuwa."

Marehemu akafunua shuka, akasema. Alisema siku ile na siku mbili zilizofuata, kwa sauti ndogo, akipumzika, na Domisiana akimsahihisha. "Nyusi ya kulia," kaka anasema. "Ya kushoto, mzee." "Ya kushoto, kweli. Nilikuwa nimesimama mbele yake." Domisiana hakumwambia kwamba amemsamehe. Tusimsemee. Alikaa, na hilo kaka aliliona ni kubwa.

Methusela Ndayisaba alifariki Jumatano tarehe 13 Juni 2007, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 58. Ameacha mjane, Francisca, watoto watatu, Restuta, Nshoma na Methusela mdogo, wajukuu watano, na mimi dada yake.

Ni desturi yetu kutangaza kwamba anayemdai marehemu aje aonane na familia. Leo hatutatangaza. Anayemdai amekaa pale mstari wa mbele, karibu na Francisca, na deni lake hatuna cha kulilipia. Ametuomba jambo moja tu, na marehemu aliliagiza: kwamba mbele ya watu wote waliotoka Kabanga, Nyarubungo, Lukole na ng'ambo ya mpaka, tuwasomee huyu.

Anaitwa Hakizimana, mzaliwa wa Muyinga. Sasa ana miaka thelathini na tisa. Ni mfupi, mpana wa kifua, mwenye masikio madogo. Nyusi ya kushoto iliungua nusu na haikuota tena. Jino moja la juu limevunjika kidogo pembeni. Ana doa jeusi chini ya jicho la kulia. Akicheka hufumba jicho moja, na kabla ya kujibu swali huinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu nyuma yako. Ukimwona, mwambie kwamba Domisiana hajahama.

Kaka yetu Methusela, tunamwombea kwa Mungu apumzike kwa amani. Hakizimana hatumwombei pumziko. Tunamwombea arudi.