Kipande cha Paa la Kale

Mzee aliyekaa mbele yangu kwenye basi la Ngagara alipokohoa, niliziba pua kwa kitambaa, nikakumbatia mzigo wangu na kujibana dirishani. Mimi ni mwangalifu sana na afya yangu.

"Muzee, ni kifua kikuu?" aliuliza mama wa pembeni yake, ingawa hawakujuana.

"Walisema hivyo, nikameza dawa mpaka nikachoka. Lakini makohozi hayakuonyesha kitu. Dokta mupya ameniuliza kazi yangu ya zamani. Mi nilikuwa nakata mapaa ya amianti, zile nzito za kijivu za wakati wa Wabelgiji. Anasema vumbi yake inalala mu kifua miaka mingi, halafu inaweza kuleta kansa. Haiambukizi mutu."

Nilishusha kitambaa, kwa aibu kidogo.

"Sasa anataka kukata kanyama kadogo ku ngozi ya mapafu, wapime."

"Apana, muzee! Wasikukate. Maliza dawa."

"Mama, nimeshakunywa dawa za ugonjwa ya wengine. Nataka kujua yangu."

"Na wakisema ni kansa?"

Kabla hajajibu, basi lilisimama. Niliinuka, kitenge nilichofungia mzigo kikateleza: kipande cha paa, kizito, cha kijivu, nilichoomba kwa jirani nikikate leo hii nifunike banda la kuku. Nilikuwa nimekipakata kifuani njia nzima.

Mzee aligeuka, akakitazama, akanitazama na mimi. Kisha akaziba pua yake.