Mti wa Mgeni Rasmi katika Shimo Namba Saba

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa uliyetoka wilayani ukapanda kilima hiki kwa miguu yako, gari likabaki chini kwenye matope. Mwenyekiti wetu, Mama Aurelia. Mtafiti wetu, Dkt. Jacqueline, majirani mlioalikwa na mliokuja kuchungulia tu: Tumsifu Yesu Kristo. Wenzetu Waislamu, Asalamu aleikum. Wakubwa wote, shikamooni.

Sisi ni Kikundi cha Wahesabu Ndege wa Likwela, watu kumi na wanne. Risala hii tumeiandika pamoja. Inasomwa na Mzee Othmar, dereva mstaafu wa lori la kahawa, kwa sababu ana sauti, na kwa sababu nyingine itakayojulikana mbele. Kikao kimemwagiza asome kilichoandikwa, asiongeze lake.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tunakushukuru kwanza kwa kurudi. Wageni rasmi wengi tunawaona mara moja, halafu tunabaki na picha. Wewe ulikuja Aprili, umerudi Novemba, na kabla hujakaa umeuliza, "Mti wangu unaendeleaje?" Swali hilo limetugusa. Tutalijibu, ila tunaomba utuvumilie tulifikie taratibu.

Asante pia kwa darubini mbili ulizotuletea. Awali tulikuwa na moja tu, na mwenye zamu aliivaa shingoni hata kanisani.

TULIKOTOKA

Miaka mitano iliyopita Dkt. Jacqueline alikuja hapa akimfuatilia mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo mwenye mkia kama nyuzi mbili, anayefika na mvua za kwanza na kuondoka mwishoni mwa Machi. Tulimweleza kwamba zamani walikuwa wengi kiasi kwamba ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unaanua la buluu. Aliandika, kisha akauliza nani mwingine aliliona hilo shuka. Hakutokea mtu. Tangu siku hiyo tuna kanuni: kila hesabu iwe na mashahidi wawili, na Mzee Othmar akihesabu, watatu.

Daktari alikuja na kamba na vigingi, akitaka kuugawa mteremko viraba viraba ili kila mtu ahesabu ndege wanaopita kwenye kiraba chake. Mama Aurelia alimtazama akihangaika na kamba mpaka akachoka kutazama. Akamwambia, "Mwanangu, kilima hiki bibi zetu walishakipima. Hayo mashimo ya ngolo unayoyaruka ndiyo viraba vyenyewe."

Mheshimiwa umeyaona wakati unapanda: mashimo ya mraba, kingo zake zimefukiwa majani, maharage yanaota juu na maji ya mvua yanatulia ndani. Kamba ikaenda kufungia mbuzi. Kila mhesabu akapewa ngolo ishirini za kusimamia, asubuhi mbili kila wiki.

TULICHOFANIKIWA

Kwa misimu minne tulipata ndege ishirini na wanne, ishirini na sita, ishirini na watano, ishirini na saba. Tuligundua kwamba wanakula wadudu wakiruka chini chini juu ya nyasi za kilele na juu ya ngolo zetu. Tulichokuwa hatukijui ni mahali wanapotagia. Kukiwa hakuna ukungu tunaliona Ziwa Nyasa kutoka hapa, tukadhani makao yao yako kwenye miamba ya Mbamba Bay. Mzee Othmar alisema wanavuka hadi ng'ambo, Malawi, kwa sababu usiku wa kule ni mrefu zaidi. Maelezo hayo hayakupata mashahidi.

TULIPOKOSEA

Mheshimiwa, ulipokuja Aprili kuzindua upandaji miti, sisi ndio tuliokuelekeza kileleni. Tulisema ndege wanapenda miti, basi tuwaongezee. Daktari alikuwa chuoni, hatukumuuliza.

Kilele kina mawe, lakini kina pia mashimo ya muhanga, yule mnyama anayefukua mchwa. Tuliyapa namba, moja hadi thelathini na moja. Tukasema muhanga ametumalizia nusu ya kazi, tukajaza udongo na kupanda misindano humo humo. Na wewe, ili usitoke jasho mbele za watu, ulipewa shimo zuri kuliko yote, namba saba. Aliyelichagua ni msomaji wa risala hii.

Mti wako tuliutunza. Kiangazi chote tulipandisha ndoo kwa zamu. Wapo ng'ombe hapa Likwela waliokunywa maji kidogo kuliko mti huo.

Oktoba ndege wakarudi. Tukahesabu tisa. Tulidhani aliyehesabu ni Mzee Othmar, kumbe hakuwa zamu. Tukarudia, tisa. Asubuhi ya tatu Mama Aurelia alituita kwa mkono. Ndege wawili walikuwa wanauzunguka mti wako, chini karibu na udongo. Wanakwenda, wanarudi, wanatua, wanainuka tena, kama mtu aliyetoka safari akakuta nyumba yake haina mlango. Walizunguka hivyo mpaka jua likawa kali. Siku hiyo madaftari yetu hayana kitu.

Daktari aliletwa kwa pikipiki. Alilala kifudifudi kwenye shimo mojawapo kati ya machache tuliyokuwa tumeyasahau, akalimulika kwa tochi na kioo cha kunyolea ndevu. Kwenye dari ya shimo kulikuwa na kikombe cha tope na nyasi, na ndani yake mayai matatu. Tulitazama kwa zamu. Mama Aurelia alipoinuka alisema, "Kumbe tuliwafungia."

Wiki hiyo tulihamisha miche thelathini, kila mmoja na udongo wake, tukaipanda bondeni kwenye chanzo cha maji. Ishirini na sita imeshika. Mashimo tuliyafungua kwa mikono. Baada ya siku kumi na mbili ndege walikuwa kumi na saba. Daktari hakuahidi kwamba wote watataga mwaka huu, nasi hatuwezi kukuahidi.

Mti mmoja hatukuugusa. Una kibao chenye jina lako na tarehe, na hapa kwetu mti wa mgeni rasmi hauguswi. Tulikaa vikao vitatu kwa ajili yake. Wapo waliosema tuuhamishe kimyakimya pamoja na kibao chake. Mzee Othmar alishauri tuseme umeliwa na tembo. Mama Aurelia akamjibu, "Othmar, ndege tumewahesabu kwa ukweli miaka mitano. Na mgeni wetu tumwambie hivyo hivyo." Akaagiza aliyechagua shimo asimame aseme mwenyewe.

Nimesema.

MAOMBI

Tunajua umekuja na habari njema ya miche elfu nne kwa ajili ya kilele hiki, Aprili ijayo. Tunaishukuru na tunaitaka yote. Tunaomba tu isipandwe hapa juu. Kilele kibaki nyasi. Miche tutaipanda bondeni, shuleni, na kando ya njia ya kwenda Mpepai. Mashimo mia sita tumeshachimba, safari hii kwa majembe yetu wenyewe. Taarifa ya Daktari ya miaka mitano iko kwenye bahasha mezani pako, na kila namba ina sahihi za waliohesabu.

Ombi la pili ni dogo. Tunaomba mti wako uuhamishe wewe, kwa mkono wako. Shimo jipya liko kwenye chanzo cha maji, na kibao tumekipaka rangi upya. Jembe lenye mpini mpya liko nyuma ya kiti chako. Tuliliweka kabla hujafika, utuwie radhi.

Wale wawili bado wanakuja kila asubuhi. Leo wamefika kabla ya gari lako, wakazunguka, wakaenda kukaa kwenye waya wa uzio. Mashahidi ni sisi sote kumi na wanne, na Mzee Othmar amehesabu nasi akapata wawili, hakuongeza hata mmoja.

Mungu akujalie afya na nguvu ya mikono kwa kazi ya leo, akushushe salama kwenye matope, na Oktoba ijayo akulete uwahesabu pamoja nasi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wahesabu Ndege wa Likwela,
Mbinga.