Bi Thelathini Hakusamehe

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama uko kazini, punguza sauti kidogo bosi asikusikie. Kama bosi ni wewe, ongeza. Leo tunamkumbuka fundi umeme mmoja, mwanamke, aliyefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, saa saba mchana, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mtaani walimwita Bi Thelathini. Wengi mlidhani ni jina la utani tu. Jina hilo lilitoka kwenye siku thelathini, na siku thelathini zilitoka kwenye kaburi la mdogo wake. Nitawaeleza.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Mlango wa bati, benchi moja, na ukuta mzima wa nyaya zilizoning'inizwa kwa rangi, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Ole wako uziguse. Binti yake anasema, "Ukivunja sahani mama alikuwa anakusamehe. Ukichanganya nyaya, tafuta pa kulala."

Miaka ishirini na miwili iliyopita alipata kazi yake kubwa ya kwanza, kufunga umeme wa jua kwenye zahanati ya mtaani kwao. Paneli kumi na mbili zilishafika. Betri zilishafika. Vyote vilikuwa kwenye stoo ya zahanati, vimefunikwa turubai. Kilichobaki ni kibali.

Na kibali kilitoka ofisi moja tu, ofisi ya vibali vya nishati. Mkuu wake alikuwa na kalamu tatu mfukoni, na hakuna hata moja iliyowahi kuisha wino. Ukimpelekea faili alikuwa na jibu lile lile: "Liache likae kwanza." Hakukataa, sikilizeni vizuri. Angekataa, ungekata rufaa. Yeye aliliacha likae. Wafanyakazi wake wakampachika jina Bwana Likae, mgongoni kwake bila shaka.

Ombi la fundi wetu lilikaa miezi saba. Narudia, miezi saba. Kila Jumatatu alikwenda. Njoo kesho. Njoo wiki ijayo. Mkuu yuko kikaoni. Kikaoni, ndugu zangu, na kikohozi chake kinasikika nyuma ya mlango.

Katika mwezi huo wa saba wa kusubiri, mdogo wake akaugua nimonia. Alikuwa mwalimu wa chekechea, walizaliwa wakifuatana. Akalazwa kwenye zahanati ile ile, akawekwa kwenye mashine ya oksijeni. Saa nne asubuhi umeme ukakatika. Jenereta likagoma. Umeme ulirudi saa nane mchana, lakini mwalimu alikuwa amekata roho saa tano na robo. Hatua ishirini kutoka kitandani kwake, nyuma ya mlango wa stoo, paneli kumi na mbili zilikuwa chini ya turubai.

Sasa sikieni jambo lililomtafuna maisha yake yote. Angeweza kuzifunga. Kwake ilikuwa kazi ya siku mbili. Wiki tatu kabla, muuguzi mkuu alimwambia, "Dada, wewe funga tu, nani atakuja kukagua?" Akamjibu, "Bila kibali watanifungia karakana. Tusubiri kidogo." Alitii sheria. Hilo ndilo kosa lake, na hakuwahi kulitaja bila kusaga meno. "Mimi nilitii," alimwambia mama yake, "na yeye akauchapa usingizi."

Wiki moja baada ya mazishi alikwenda ofisini. Siku hiyo mkuu hakuwa kikaoni. Kulikuwa na joto, na feni ndogo ya mezani ilikuwa inazunguka. Feni ilikuwa fupi, kwa hiyo ilikuwa imeinuliwa kwa mafaili manne ili upepo umfike mkuu shingoni. Faili la tatu lilikuwa na mwandiko wa fundi wetu.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Hakuna, mzee. Nimeshaona."

Akatoka. Nyumbani mama yake akamwambia, "Mwachie Mungu, mwanangu." Akajibu, "Mungu nitamwachia wengine, mama. Huyu ni wangu."

Wasikilizaji wapendwa, kuna watu wakiudhiwa hutukana. Wengine hurusha mawe. Huyu alikwenda kununua kitabu cha sheria. Miaka mitatu, kila Jumamosi, alikaa kwenye benchi lake akisoma kanuni za nishati, testa ya umeme ikiwa alama ya ukurasa. Akakusanya mafundi wenzake arobaini, wakaunda chama. Serikali ilipotangaza kwamba inaandika sheria mpya ya kuharakisha nishati safi, kamati ya bunge ikaita watu watoe maoni. Wakubwa wa makampuni walikuja na tai na makabrasha. Walitaka ushuru wa paneli upunguzwe. Walitaka mikopo nafuu. Walitaka bei ya uhakika kwa umeme watakaouza. Yote yalikuwa mazuri. Yeye alikuja na karatasi moja yenye sentensi moja: ofisi isipojibu ombi ndani ya siku thelathini, kibali kimetolewa.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akamuuliza, "Yaani mama, ofisi ikinyamaza, imekubali?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwa sasa ikinyamaza, sisi tunazika."

Kamati ikaamua kuiandikia ofisi ya vibali: kama mna pingamizi, lileteni kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Barua ikaenda kwa Bwana Likae. Naona mmeshaanza kutabasamu. Karani wa masjala wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu, ametueleza kwa kinywa chake: "Nilimpelekea mwenyewe. Nikamwambia, bosi, hii ina tarehe ya mwisho. Akasema iache ikae kwanza. Basi nikaiacha. Mimi pia nilikuwa na shemeji anayesubiri kibali, kwa hiyo niliiacha vizuri kabisa."

Siku kumi na nne zikapita. Pingamizi halikuja. Sentensi ya fundi ikaingia kwenye sheria kama ilivyo, hakuna aliyegusa hata nukta. Bwana Likae alikaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na karani ndiye aliyeshika mwiko.

Sheria ilianza kazi siku ya Jumatatu. Saa mbili kamili asubuhi fundi wetu alikuwa mlangoni na wenzake arobaini, mikono imejaa maombi. Zahanati, shule, mashine za kusaga, pampu za maji. Maombi mia mbili na kumi na nne. Kila moja alisimamia ligongwe muhuri wa tarehe mbele ya macho yake. Kisha akaanza kuhesabu. Kila asubuhi alipita kwenye korido ile, akachungulia dirisha la mkuu, akasema, "Habari za asubuhi, mzee. Leo ya tisa." Kesho yake, "Leo ya kumi." Hakumtukana hata siku moja. Alihesabu tu, na hapo ndipo jina la Bi Thelathini lilipozaliwa.

Bwana Likae alijitahidi, tusimnyime haki yake. Alijibu maombi kumi na moja. Siku ya thelathini na moja, maombi mia mbili na matatu yalikuwa vibali. Na kifungu kingine cha sheria hiyo kilitaka orodha ya vibali hivyo ibandikwe mlangoni, pamoja na jina la mkuu aliyenyamaza. Karatasi zilijaa mpaka kitasa kikafichika. Watu walikuja kupiga picha. Haikupita miezi miwili akahamishiwa kwenye ghala la samani mbovu, akawa anasimamia viti vya miguu mitatu.

Biashara nayo ikafunguka. Benki zilizokuwa zinaogopa zikaanza kukopesha, kwa sababu sasa zilijua mradi utaanza tarehe gani. Wauza paneli wakaagiza mzigo mapema. Wataalamu walikuja na kalamu kumuuliza siri ya kasi ile. Siri ilikuwa chuki, ndugu zangu, chuki iliyopangwa kama nyaya ukutani kwake. Yeye mwenyewe aliwaambia hivyo, ila kwenye ripoti zao waliandika mambo mengine.

Miaka minne iliyopita mzee mmoja aliingia karakanani. Amestaafu, anataka sola nyumbani kwake. Macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu, hakumtambua fundi. Fundi alimtambua Bwana Likae kabla hajavuka kizingiti. Binti yake alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Mzee," Bi Thelathini akamuuliza, "unamkumbuka mdogo wangu?"

"Yupi?"

Akaweka koleo chini. Akamweleza taratibu. Miezi saba. Saa nne asubuhi. Saa tano na robo. Stoo. Mzee akajifuta jasho, akasema, "Mama, wakati ule mafaili yalikuwa mengi." Basi. Hakusema pole. Narudia, hakusema pole.

Hata hivyo fundi alimfungia sola yake kwa siku moja, kazi safi, bila dosari. Binti akashangaa. Mama mtu akamwambia, "Nataka aishi miaka mingi, na kila akiwasha taa ajue ni nani kamwashia."

"Sasa umeridhika, mama?"

"Bado."

Wasikilizaji wapendwa, juzi nilikwenda msibani. Mama mzazi wa marehemu, bibi wa miaka themanini na tano, alinishika mkono na hakuniachia. "Mtangazaji," akasema, "wewe una mdomo. Usiende huko redioni kusema mwanangu amepumzika kwa amani. Usiseme alisamehe. Kuna mtu atasikia na atalala vizuri."

Nimemwahidi, kwa hiyo sisemi.

Pole, bibi. Pole, binti. Poleni mafundi wote wa chama. Nawe unayenisikiliza, uliyepewa madaraka ya kusema ndiyo au hapana, tafakari leo ni nani anakungoja, na kama ataweza kungoja mpaka Jumatatu. Mjibu. Kama ni hapana, mwambie hapana. Bi Thelathini ameondoka na hasira yake nzima, na mama yake anasema ilikuwa haki yake.